Kuchagua Pangaboi la Nyumbani: Pima Chumba Kabla ya Kuuliza Bei



Mgodi wa dhahabu wa North Mara hufanya kazi usiku na mchana, na wakazi wengi wa Nyamongo wamezoea maisha ya zamu. Anayetoka zamu ya usiku hufika nyumbani asubuhi, hunywa chai, kisha hulala wakati ambao jua linaanza kupiga bati. Vyumba vingi vya kupanga vimeezekwa kwa bati, na vingine havina dari. Mtu huyo akiamka saa saba mchana akiwa ameloa jasho, jioni atarudi kazini akiwa na usingizi machoni. Mama anayenyonyesha, mgonjwa na mwanafunzi anayejisomea hupata adha ileile. Kwa kaya za namna hiyo, feni ya dari, ambayo wengi wetu tunaiita pangaboi, ni hitaji la afya na la kazi.

Hata hivyo, ununuzi wa pangaboi mara nyingi huanzia mahali pasipofaa. Mnunuzi huingia dukani, hutazama boksi lenye picha nzuri, huuliza bei, hulipa na kuondoka. Baadaye hugundua kwamba chumba chake ni kifupi, kwamba mbao za paa hazina nguvu, kwamba chandarua kinanaswa na mapanga, au kwamba uniti za LUKU zinakwisha kabla ya wakati. Makosa hayo hayarekebishiki kirahisi baada ya fedha kutoka mfukoni.

Somo hili lina fundisho moja kuu: pangaboi huchaguliwa nyumbani kwanza, dukani baadaye. Mlaji aliyekipima chumba chake na kukisoma kibandiko cha umeme hununua kitu kinachomfaa, na hata kikiharibika anajua adai nini na kwa nani.

1. Pangaboi linafanya nini, na halifanyi nini

Pangaboi halishushi joto la chumba. Husukuma hewa ipite juu ya ngozi, jasho likauke upesi, na mwili uhisi nafuu. Ukikiacha chumba kitupu huku pangaboi likizunguka, hakuna kinachopoa. Mota yenyewe huongeza joto kidogo, na uniti zinaendelea kuhesabiwa. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya matumizi ni hii: anayetoka chumbani azime.

Kanuni ya pili inahusu paa. Bati lililopigwa na jua huipasha joto hewa iliyo chini yake, na hewa hiyo ya moto hukusanyika juu ya chumba. Chumba kisicho na dari kikifungwa pangaboi, mapanga huivuta hewa hiyo na kuishusha kitandani. Mlalaji huhisi upepo, lakini ni upepo wa moto. Ikiwa fedha uliyonayo inatosha kitu kimoja tu, linganisha kwanza gharama ya kuweka dari na gharama ya kununua pangaboi. Dari, pamoja na matundu ya kutolea hewa chini ya paa na dirisha linalofunguka upande wa upepo, hufanya kazi kila siku bila kutumia umeme.

Kanuni ya tatu inahusu mbu. Upepo wa feni huwasumbua mbu, lakini hauchukui nafasi ya chandarua chenye dawa. Malaria bado ipo katika Kanda ya Ziwa. Anayelala chini ya pangaboi alale pia ndani ya chandarua.

2. Vipimo vinne vya kuchukua nyumbani

Chukua futi ya fundi, kalamu na karatasi. Ukipanga, mshirikishe mwenye nyumba mapema, kwa sababu kazi hii inagusa paa lake na mfumo wake wa umeme.

Kipimo cha kwanza ni kimo. Viwango vya kimataifa vya usalama wa feni vinataka mapanga yawe juu ya mita 2.3 kutoka sakafuni. Pangaboi likiwa na fimbo yake ya kawaida, mapanga hukaa kama sentimita 35 hadi 45 chini ya mahali lilipotundikwa. Tuchukue chumba ambacho boriti iko mita 2.6 kutoka sakafuni. Ukitoa sentimita 40, mapanga yatakuwa kwenye mita 2.2. Hicho ni kimo ambacho mtu mrefu akinyoosha mkono kuvua shati ataguswa. Chumba hicho hakifai pangaboi la fimbo ya kawaida. Tafuta lenye fimbo fupi, au nunua feni ya ukutani au ya kusimama. Kumbuka pia kwamba kitanda cha ghorofa hakitakiwi chini ya pangaboi wala karibu nalo, kwa kuwa mtoto anayekaa kitanda cha juu anaweza kuyafikia mapanga.

Wako pia wanaolipandisha pangaboi hadi likaribie kugusa dari, wakidhani wametatua tatizo la kimo. Mapanga yakikaribia mno dari hukosa hewa ya kuvuta, na upepo hupungua. Acha angalau sentimita 20 kati ya mapanga na dari.

Kipimo cha pili ni eneo. Pima urefu na upana wa chumba kwa mita, kisha zidisha. Chumba cha futi kumi kwa kumi, ambacho ni cha kawaida katika nyumba za kupanga, kina takriban mita 3 kwa 3, yaani mita za mraba 9. Kipimo hiki ndicho kitakachoamua ukubwa wa pangaboi, kama tutakavyoona katika sehemu inayofuata.

Kipimo cha tatu ni mahali pa kulitundika. Pangaboi la kawaida lina uzito wa kilo 4 hadi 6, lakini uzito huo unazunguka na kutikisika kwa saa nyingi kila siku. Msumari hulegea, ubao mwembamba huchanika. Katika nyumba yenye zege, pangaboi hutundikwa kwenye ndoano ya chuma iliyozikwa ndani ya zege. Katika nyumba ya bati, hutundikwa kwenye boriti ya kenchi au kwenye ubao mnene uliofungwa kwa bolti kati ya kenchi mbili. Papi zinazoshikilia bati hazifai. Silingi bodi na jipsamu hazifai kabisa, wala kile kishikizo kidogo cha taa kilichofungwa kwa skrubu mbili. Kabla ya kuamua, ichome mbao kwa ncha ya bisibisi. Ikididimia kirahisi au ikitoa unga, mchwa wamekwisha kuila na haiwezi kubeba kitu.

Kipimo cha nne ni mahali pa kitanda na chandarua. Chandarua cha duara huning'inizwa katikati juu ya kitanda, na mara nyingi hapo ndipo pangaboi linapotakiwa kukaa. Upepo hukipeperusha, kamba hulegea, na kitambaa hujizungusha kwenye mapanga. Matokeo yake ni mota kuungua, au pangaboi kung'olewa likiwa juu ya mtu aliyelala. Tumia chandarua cha pembe nne kilichofungwa kwenye fremu ya kitanda, chini kabisa ya mapanga, au sogeza kitanda pembeni ili pangaboi libaki katikati ya chumba. Nyuzi za chandarua hupunguza nguvu ya upepo. Hilo lizingatie unapochagua ukubwa, lakini lisikushawishi kuondoa chandarua.

3. Ukubwa unaofaa

Ukubwa wa pangaboi huandikwa kwenye boksi kwa inchi au milimita. Ni upana wa duara ambalo ncha za mapanga huchora zikizunguka. Kwa kukadiria:

Chumba chenye chini ya mita za mraba 7: inchi 36 (sentimita 90).
Chumba cha mita za mraba 7 hadi 12: inchi 42 au 48 (sentimita 105 au 120).
Chumba cha mita za mraba 12 hadi 18: inchi 56 (sentimita 140).
Ukumbi mkubwa zaidi ya hapo: mapangaboi mawili madogo hutawanya upepo vizuri kuliko moja kubwa.

Baada ya kuchagua, hakikisha kwamba ncha za mapanga zitakuwa angalau sentimita 60 kutoka kila ukuta, kabati na mlango unaofunguka. Katika chumba cha mita 3 kwa 3, pangaboi la inchi 48 litaacha sentimita 90 kila upande. Hapo pana nafasi ya kutosha.

Idadi ya mapanga isikubabaishe. Pangaboi lenye mapanga matano si lazima litoe upepo mwingi kuliko lenye matatu. Upepo hutegemea urefu wa mapanga, mlalo wake na nguvu ya mota. Watengenezaji makini huandika kwenye boksi kiasi cha hewa kinachosukumwa kwa dakika, kwa mita za ujazo. Pangaboi zuri la inchi 48 husukuma takriban mita za ujazo 200 au zaidi kwa dakika. Boksi lisilo na takwimu yoyote zaidi ya maneno ya sifa halijakuambia kitu.

4. Umeme: hesabu ya wati na uniti 75

Kuna mota za aina mbili sokoni. Ya kwanza ni ya kawaida, inayotumia kapasita. Pangaboi la inchi 48 la aina hii hutumia takriban wati 75 kwa kasi ya juu. Ya pili ni ile inayoandikwa BLDC kwenye boksi. Hutumia takriban wati 30 kwa upepo uleule. Aina hii ya pili bei yake ya dukani ni kubwa zaidi, na si kila duka linayo. Je, inalipa? Jibu linategemea mita yako ya LUKU.

Katika bei zilizoanza kutumika Aprili 2016 kwa agizo la EWURA, mteja mdogo wa nyumbani aliye katika kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Mteja wa kundi la T1 hulipa shilingi 292 kwa kila uniti. Kodi na tozo huongezwa juu ya bei hizo. Kabla ya kufanya hesabu yako, tazama risiti yako ya LUKU ili ujue uko kundi gani na bei ya sasa ni ipi. Sisi tutatumia bei hizi kwa mfano.

Wati 75 kwa saa 8 kila siku ni uniti 0.6 kwa siku, yaani uniti 18 kwa mwezi wa siku 30. Wati 30 kwa saa hizohizo ni uniti 7.2 kwa mwezi.

Mfano wa kwanza. Kaya moja yenye mita yake, iliyo kundi la D1, hutumia uniti 30 kwa mwezi. Ikiongeza pangaboi la kawaida itafika uniti 48. Ikiongeza la BLDC itafika uniti 37.2. Zote ziko chini ya 75. Tofauti ni uniti 10.8, sawa na shilingi 1,080 kwa mwezi. Tuseme pangaboi la BLDC limezidi bei ya lile la kawaida kwa shilingi 60,000. Itachukua takriban miezi 56, zaidi ya miaka minne na nusu, kuirudisha fedha hiyo. Kaya hii ikinunua pangaboi la kawaida lililo imara, haijakosea.

Mfano wa pili. Vyumba vitatu vya kupanga vinatumia mita moja iliyo kundi la D1, kila kimoja uniti 15, jumla uniti 45. Wapangaji wote wakifunga mapangaboi ya kawaida, wataongeza uniti 54 na kufika uniti 99. Malipo yao yatakuwa shilingi 7,500 kwa uniti 75 za kwanza na shilingi 8,400 kwa uniti 24 zilizozidi, jumla shilingi 15,900. Wakifunga ya BLDC, wataongeza uniti 21.6 tu na kufika 66.6, ambazo ni shilingi 6,660. Tofauti ni shilingi 9,240 kila mwezi. Hapo, ile nyongeza ya shilingi 60,000 kwa kila chumba hurudi baada ya takriban miezi 20. Zaidi ya hayo, mteja wa D1 anayevuka uniti 75 mara kwa mara huweza kuhamishiwa T1, na kila uniti, tangu ya kwanza, ikalipiwa bei ya T1.

Mfano huu wa pili una somo la ujirani pia. Mahali ambapo mita ni moja, mpangaji mmoja akinunua kifaa bila kuwaambia wenzake, hasara huwafika wote na ugomvi huzuka juu ya nani amemaliza umeme. Kaeni pamoja, pigeni hesabu kama hii, kisha mkubaliane aina ya kununua na namna ya kuchangia kabla ya mmoja wenu kwenda dukani.

Jambo jingine ni swichi ya kasi, ambayo mafundi huiita regulata. Regulata za zamani, zile kubwa zinazopata moto, hupunguza kasi kwa kugeuza sehemu ya umeme kuwa joto. Hivyo kupunguza kasi hakukupunguzii uniti kwa kiasi unachodhani. Chagua regulata ndogo ya kielektroniki. Pangaboi la BLDC lina rimoti au swichi yake maalumu na halitakiwi kuunganishwa na regulata ya kawaida ya ukutani.

Mwisho, ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na umeme ukikatika na kurudi, volti huweza kupanda ghafla. Vifaa vya kielektroniki vilivyo ndani ya pangaboi la BLDC huathirika kwa urahisi. Mvua ya radi ikianza, au umeme ukikatika, zima pangaboi kwenye swichi ya ukutani, si kwa rimoti peke yake.

5. Dukani: nini cha kutazama

Ukiwa na karatasi yako ya vipimo, ingia dukani na uombe pangaboi la ukubwa unaoufahamu. Kisha fanya mambo haya kwa utulivu.

Soma kibandiko kilicho kwenye mwili wa mota, si boksi peke yake. Kitafute jina la mtengenezaji, modeli, volti, hezi na wati. Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230, hezi 50. Pangaboi la volti 110 halifai. La volti 12 ni la umeme wa jua na betri; ukiliunganisha na umeme wa TANESCO litaungua papo hapo. Ikiwa maelezo ya kibandiko hayalingani na ya boksi, liache.

Uliza kuhusu ubora. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) ndilo lenye jukumu la viwango nchini, na tangu mwaka 2012 limekuwa na utaratibu wa kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka kabla hazijaingizwa. Muuzaji aliyenunua mzigo kwa njia halali anaweza kukuambia bidhaa imetoka kwa nani. Jina la chapa maarufu lililobadilishwa herufi moja, maandishi yaliyofutika na bei iliyo chini mno kuliko maduka mengine yote ni dalili za bidhaa bandia.

Omba lijaribiwe. Muuzaji aliwashe kwa kasi zote huku ukisikiliza. Sauti ya kukwaruza au kugonga ndani ya mota ni kasoro. Kwa anayelala mchana baada ya zamu ya usiku, sauti ni jambo kubwa, kwa maana usumbufu mdogo wa dukani huwa mkubwa chumbani. Zungusha mota kwa mkono ikiwa imezimwa. Izunguke kwa wepesi bila kukwama.

Hesabu vilivyomo ndani ya boksi: mapanga, skrubu na nati zake, fimbo, pini ya kufungia fimbo, vikombe vya kufunika na karatasi ya maelekezo. Usichanganye mapanga ya boksi moja na la jingine. Mapanga husawazishwa kwa uzito, na seti iliyochanganywa hutikisika.

Dai risiti ya EFD yenye tarehe na bei halisi, na kadi ya waranti iliyogongwa muhuri. Kutoa risiti ni wajibu wa muuzaji, kuidai ni wajibu wako. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mlaji, daftari hilo ni risiti.

Baadhi ya wakazi wa Tarime hununua bidhaa Sirari au hata ng'ambo ya mpaka. Umeme wa Kenya unakaribiana na wetu, kwa hiyo pangaboi la huko litafanya kazi. Tatizo ni waranti. Uliza kama itaheshimiwa upande huu wa mpaka. Ikiwa ni lazima urudishe bidhaa nchi nyingine kwa nauli yako, ongeza nauli hiyo katika hesabu ya bei.

6. Kufunga ni sehemu ya ununuzi

Tenga fedha ya fundi tangu mwanzo. Kazi za kufunga mifumo ya umeme hufanywa na mafundi wenye leseni ya EWURA, na una haki ya kumwomba fundi akuonyeshe leseni yake. Kijana hodari wa mtaani asiye na leseni anaweza kufanya feni izunguke. Hilo halithibitishi kwamba ni salama.

Kabla ya fundi kushuka ngazi, hakikisha haya: swichi kuu ilizimwa wakati wa kazi, pangaboi limefungwa kwenye ndoano au bolti na si msumari, pini ya fimbo imepinda ncha zake ili isichomoke, waya wa kijani na njano, yaani wa ethi, umeunganishwa, na maungio ya waya yamefunikwa, hayakusokotwa na kuachwa wazi juu ya dari. Pangaboi likiwa limekuja na kamba ya chuma ya usalama, ifungwe kwenye boriti, ili fimbo ikikatika kamba ilishike.

Kisha liwashwe kwa kasi ya juu kwa dakika kumi huku fundi akiwa bado yupo. Likitikisika, arekebishe hapo hapo.

7. Matunzo

Vumbi la barabara za Nyamongo halichelewi kutua juu ya mapanga. Uzito wake si sawa kwa kila panga, na huko ndiko kutikisika kunakoanzia. Futa mapanga kila mwezi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, umeme ukiwa umezimwa, na kila baada ya miezi sita fundi akaze nati na kukagua ndoano.

Pangaboi la kawaida likianza kuzunguka polepole, au likihitaji kusukumwa kwa mkono ndipo lianze, mara nyingi kapasita ndiyo imechoka. Ni kipuri cha bei ndogo, na hakuna haja ya kununua pangaboi jipya. Abadilishe fundi, kwa kuwa kapasita huweza kuhifadhi umeme hata baada ya swichi kuzimwa. Harufu ya kuungua au mota kuwa ya moto mno kuguswa ni sababu ya kuzima mara moja.

8. Likiharibika mapema

Risiti nyingi huwa na maneno haya: "bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Maneno hayo hayafuti haki yako. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, iliyoanzisha Tume ya Ushindani (FCC), inamlinda mlaji dhidi ya udanganyifu katika biashara na dhidi ya bidhaa isiyokidhi ahadi. Bidhaa inapaswa kufanya kazi iliyonunuliwa kuifanya.

Fuata hatua hizi. Kwanza, rudi kwa muuzaji mapema, ukiwa na pangaboi, risiti na waranti, ueleze kasoro kwa adabu na utaje unachotaka: litengenezwe, libadilishwe au fedha irudishwe. Pili, akikataa, andika barua fupi yenye tarehe na ubaki na nakala. Tatu, onana na Afisa Biashara wa halmashauri yako. Nne, peleka malalamiko FCC ikiwa umedanganywa au umeuziwa bidhaa bandia, au TBS ikiwa bidhaa haina ubora au ni ya hatari. Usilitupe pangaboi lililoharibika wala kulifungua kwa fundi mwingine kabla shauri halijaisha, kwa sababu hilo ndilo ushahidi wako.

Jambo moja la haki kwa upande wa muuzaji: pangaboi lililoanguka kwa sababu lilitundikwa kwenye papi, au lililoungua kwa sababu lilifungwa na asiye fundi, si kosa la duka. Hii ni sababu nyingine ya kutoichukulia kazi ya kufunga kama jambo dogo.

Karatasi ya kwenda nayo dukani

Nakili mistari hii, uijaze nyumbani, kisha uende nayo:

Kimo kutoka sakafuni hadi mahali pa kutundika: mita ____. Toa 0.4. Baki: ____ (iwe zaidi ya 2.3).
Urefu mara upana wa chumba: mita za mraba ____. Ukubwa unaofaa: inchi ____.
Pa kutundikia: zege / kenchi / hapapo.
Chandarua: cha pembe nne / cha duara / kitanda kitasogezwa.
Kundi la LUKU: D1 / T1. Uniti za mwezi uliopita: ____. Wanaotumia mita hii: kaya ____.
Fedha ya pangaboi: ____. Fedha ya fundi: ____.

Zoezi

Chumba kina mita 3 kwa 3.5, na boriti iko mita 2.9 kutoka sakafuni. Mita ni ya kaya mbili, zinazotumia jumla ya uniti 50 kwa mwezi katika kundi la D1, na kila kaya inataka pangaboi la kuwashwa saa 8 kwa siku. Je, kimo kinatosha? Ukubwa upi unafaa? Na je, wakinunua mapangaboi ya wati 75 watabaki chini ya uniti 75?

Majibu: Kimo kinatosha, kwa kuwa mapanga yatakuwa kwenye mita 2.5. Eneo ni mita za mraba 10.5, hivyo inchi 48 inafaa. Mapangaboi mawili ya wati 75 yataongeza uniti 36 na kuwafikisha uniti 86, yaani watavuka mpaka. Ya wati 30 yataongeza uniti 14.4 na kuwafikisha 64.4, yaani watabaki ndani yake.